Mzee mwenye ndege kichwani: maisha ya mtu aliye kwenye rupia ya Mjerumani

Kila tunapogusa habari za fedha za zamani hewani, simu za wasikilizaji huwa nyingi. Zinatoka Kahama, Kishapu, Bukombe, hadi Nyarugusu kule machimboni. Wengine wana sarafu iliyoachwa na bibi kwenye sanduku la bati. Wengine wameiokota shambani wakati wa kulima. Na wapo wanaotutia wasiwasi zaidi: wameona picha ya sarafu kwenye simu, wameambiwa ina thamani ya mamilioni, na wanataka kujua kama watume pesa au wasitume.

Sarafu yenyewe karibu kila mara ni ile ile. Ni ya madini ya fedha, na upande mmoja ina mwanamume mwenye masharubu, amevaa kofia ya chuma, na juu ya kofia ametua ndege mwenye mabawa. Wazee wetu wanaiita rupia ya Mjerumani. Leo tunaeleza maisha ya mwanamume huyo tangu kuzaliwa hadi kufa, kisha tunaeleza namna ya kuitazama sarafu yake kabla hujainunua au kuiuza. Ukijua habari zake, tapeli atapata kazi kukudanganya kwa jina lake.

Mtoto aliyezaliwa kwa shida

Jina lake ni Wilhelm wa Pili. Alizaliwa mjini Berlin tarehe 27 Januari 1859. Baba yake alikuwa mwana wa ukoo wa kifalme wa Prussia, moja ya dola kubwa za Kijerumani wakati huo. Mama yake alikuwa binti mkubwa wa Malkia Victoria wa Uingereza. Kwa hiyo mtu huyu ambaye baadaye angepigana vita na Waingereza alikuwa mjukuu wa malkia wao.

Kuzaliwa kwake kulikuwa kwa taabu. Mtoto alikaa vibaya tumboni, na katika kumtoa mishipa ya bega iliumia. Mkono wake wa kushoto haukupona. Ulibaki mfupi kuliko wa kulia na hauna nguvu. Madaktari wa kifalme walijaribu tiba za kila aina, nyingine za kutesa, bila mafanikio. Alijifunza kupanda farasi kwa kuanguka mara nyingi, na maisha yake yote alipopigwa picha aliuficha mkono ule: akishika glavu, akiegemea upanga, au akiuweka mfukoni. Hata kwenye rupia yetu utaona kichwa na mabega tu.

Mwaka 1888 Ujerumani ilikuwa na watawala watatu ndani ya mwaka mmoja. Babu yake alifariki mwezi Machi. Baba yake akarithi kiti huku akiwa tayari anaumwa saratani ya koo, akatawala siku 99 tu. Tarehe 15 Juni 1888 Wilhelm akawa Kaiser, yaani mfalme mkuu wa Wajerumani, akiwa na umri wa miaka 29.

Alikuwa mtu wa haraka, mwenye kupenda sare, magwaride na maneno makali. Machi 1890 alimwondoa Bismarck, waziri mkuu mzee aliyekuwa ameiunganisha Ujerumani. Alitaka nchi yake iwe na manowari nyingi na makoloni kama mataifa mengine makubwa. Moja ya makoloni hayo ilikuwa hapa.

Uso wake unafika kwetu

Wajerumani walikuwa wameanza kuingia kabla yake. Kampuni ya Ujerumani ya Afrika Mashariki ilipata hati ya kifalme mwaka 1885, wakati wa babu yake. Kampuni ilipojaribu kutawala pwani, watu wa pwani waliinuka mwaka 1888 wakiongozwa na Abushiri bin Salim na Bwana Heri. Kampuni ilishindwa kujiokoa yenyewe, ikabidi serikali ya Kaiser ilete jeshi. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889.

Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilitia saini mkataba wa kugawana. Zanzibar ikabaki chini ya Uingereza, na Ujerumani ikapewa kisiwa kidogo cha Heligoland kilichoko kwao kaskazini. Sultani wa Zanzibar akalipwa marki milioni 4 aachie ukanda wa pwani ya Tanganyika. Tangu Januari 1891 nchi ikawa chini ya serikali yenyewe ya Ujerumani.

Mwaka huo huo wa 1890 ndipo sarafu zilipoanza kutengenezwa. Kabla ya hapo watu wa huku walitumia rupia za India, na uso uliokuwa kwenye rupia hizo ulikuwa wa Malkia Victoria, bibi yake Wilhelm. Walitumia pia riale kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa wa Austria. Wajerumani walijua kwamba mfanyabiashara wa Tabora au Ujiji hatakubali kitu kigeni asichokiamini. Kwa hiyo walitengeneza rupia yao iwe na uzito na ubora uleule wa rupia ya India: gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za madini, 917 zikiwa fedha halisi. Wakabadilisha sura tu. Bibi akatoka, mjukuu akaingia.

Rupia hizo za kwanza upande wa pili zina simba na mnazi pamoja na jina la kampuni kwa Kijerumani. Kuzunguka uso wa Kaiser kuna maandishi ya Kilatini, GUILELMUS II IMPERATOR, maana yake Wilhelm wa Pili, mfalme mkuu. Kulikuwa pia na nusu rupia, robo rupia, na rupia mbili zilizotengenezwa mwaka 1893 na 1894. Chenji ilikuwa pesa ya shaba yenye maandishi ya Kiarabu, na pesa 64 zilifanya rupia moja.

Rupia tatu za nyumba

Kaiser hakuwahi kukanyaga ardhi yetu. Alisafiri hadi Jerusalemu mwaka 1898, na Machi 1905 alishuka Tangier, Moroko, kwa saa chache. Afrika Mashariki hakufika. Mzungu Hans Meyer alipofika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889 alikipa jina la Kaiser, akampelekea jiwe la mlimani kama zawadi. Kilele hicho leo ni Uhuru.

Lakini ingawa yeye hakuja, uso wake ulifika kila kijiji, na haukufika kwa hiari ya wanakijiji. Mwaka 1897 serikali iliamuru kodi ya nyumba. Kwa nyumba ya kijijini ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Mwanzoni mazao yalikubaliwa, lakini kadiri miaka ilivyopita serikali ilitaka sarafu. Mkulima mwenye mtama na ng'ombe alitakiwa atafute kipande cha fedha chenye mtu mwenye ndege kichwani, la sivyo afanyishwe kazi ya kulazimishwa.

Hapo ndipo rupia inapoingia katika historia ya familia zetu. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wapagazi mashuhuri kabla ya Mjerumani, lakini sasa wengi walitoka makwao kwenda mashamba ya mkonge na mpira ya Usambara na pwani, au kujenga reli. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Rupia aliyoiweka bibi yako kwenye sanduku huenda babu yake aliileta kutoka safari kama hizo, akiwa ametembea miezi.

Wapo waliokataa. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alizingirwa Tabora mwezi Januari 1893 na akaamua kujilipua kwa baruti ndani ya boma lake kuliko kukamatwa. Mkwawa wa Wahehe alijipiga risasi mwaka 1898, na fuvu linalotajwa kuwa lake lilirudishwa nchini mwaka 1954. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliua watu wengi sana kusini, na wengi wao waliuawa na njaa baada ya jeshi kuchoma mashamba na maghala.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1904, serikali ya koloni ilichukua kazi ya sarafu kutoka kwa kampuni. Rupia ikabaki na uso wa Kaiser, lakini upande wa pili simba akaondolewa, pakaandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA, thamani na mwaka. Chini kuna herufi ndogo: A ikiwa imetengenezwa Berlin, J ikiwa Hamburg. Pesa ya shaba nayo ikaachwa. Rupia ikagawanywa kwa heller 100. Neno hilo la heller ndilo tunalolitamka hadi leo tukisema hela. Kaiser na utawala wake wameondoka, lakini mwanao akikuomba hela ya daftari anatumia neno la sarafu yao.

Vita, na dhahabu ya Sekenke

Agosti 1914 vita kuu ilianza Ulaya. Kaiser alijikuta akipigana na mfalme wa Uingereza George wa Tano, ambaye ni binamu yake. Vita ilifika huku mara moja. Waingereza walifunga bahari, na meli za kuleta sarafu kutoka Berlin hazikuweza kupita. Serikali ya koloni ikachapisha noti za dharura, lakini watu walizidharau. Askari na wapagazi walitaka chuma.

Kwa hiyo mwaka 1916, mjini Tabora, kwenye karakana ya reli, Wajerumani walianza kugonga sarafu zao wenyewe. Za heller 5 na heller 20 zilikuwa za shaba ya njano au nyekundu, madini yaliyookotwa popote yalipopatikana, hata kwenye maganda ya risasi. Kisha wakatengeneza ya dhahabu ya rupia 15, iliyolingana na marki 20 za Ujerumani. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke huko Iramba, jirani zetu wa Singida. Zilitengenezwa 16,198 tu. Upande mmoja kuna tai wa Kijerumani, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake, mwaka 1916, na herufi T ya Tabora.

Zingatia jambo hili, maana litakusaidia huko mbele: sarafu za Tabora hazina uso wa Kaiser. Uso wake uko kwenye rupia za fedha peke yake, ile nzima na vipande vyake, pamoja na rupia mbili. Anayekuuzia dhahabu ya Tabora yenye mzee mwenye ndege kichwani anakuuzia kitu ambacho hakikuwahi kutengenezwa.

Septemba 19 mwaka huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora na kazi ya sarafu ikafa. Jeshi la Wajerumani likaendelea kurudi nyuma kwa miaka miwili, likiongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, hadi Msumbiji na kaskazini mwa Zambia ya leo. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa maelfu mengi, kwa magonjwa na njaa kuliko risasi. Vijiji vilinyang'anywa chakula na mifugo.

Mpasua kuni wa Doorn

Tarehe 9 Novemba 1918 ilitangazwa Berlin kwamba Kaiser ameacha kiti. Yeye mwenyewe alikuwa Spa, Ubelgiji, kwenye makao makuu ya jeshi. Alfajiri ya tarehe 10 alivuka mpaka kuingia Uholanzi, nchi isiyokuwa vitani. Siku tatu baadaye askari wa Kiafrika waliokuwa wakipigana kwa jina lake walikuwa bado wanafyatua risasi huko Kasama, kwa kuwa habari haikuwa imewafikia. Walisalimisha silaha Novemba 25, huko Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala.

Askari hao walikuwa wakidai mishahara. Waliobaki hai walisubiri hadi mwaka 1964 ndipo serikali ya Ujerumani Magharibi ikawalipa, wakiwa wazee kabisa. Wengi walikuwa wameshazikwa. Kaiser kwa upande wake alifuatiwa Uholanzi na mabehewa 59 ya treni yaliyojaa mali zake.

Washindi wa vita walitaka ashitakiwe, na mkataba wa amani wa Versailles ulisema hivyo, lakini Uholanzi ilikataa kumtoa. Mwaka 1920 alihamia nyumba aliyoinunua kijiji cha Doorn. Mke wake, Auguste Viktoria, aliyemzalia watoto 7, alifariki mwaka 1921. Mwaka uliofuata akaoa tena, akamchukua mjane aitwaye Hermine.

Aliishi Doorn zaidi ya miaka 20. Alilisha bata, aliandika kumbukumbu za kujitetea, na karibu kila siku alikwenda kukata miti na kupasua kuni. Alikata maelfu ya miti. Alitumaini kuitwa arudi kwenye kiti chake na hakuitwa. Alifariki tarehe 4 Juni 1941, akiwa na miaka 82, wakati Uholanzi imekaliwa na jeshi la Hitler. Alikuwa ameagiza asizikwe Ujerumani mpaka ufalme urudi. Haujarudi, na kaburi lake liko Doorn hadi leo.

Huku kwetu rupia yake ilifutwa na Waingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, nayo ilikuwa na uso wa George wa Tano. Kwa hiyo mzee aliyeishi miaka mingi ya wakati ule alishika mkononi bibi, mjukuu, na binamu wa mjukuu, wote wa ukoo mmoja. Shilingi yetu wenyewe ilikuja mwaka 1966, Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa.

Rupia yako ina thamani gani?

Sasa turudi kwenye sanduku la bati. Sarafu ya zamani hupimwa kwa mambo matatu: ni ipi, zimebaki ngapi, na iko katika hali gani.

Kuhusu ni ipi, soma mwaka na herufi. Rupia moja za fedha zilitengenezwa nyingi, na nyingi zipo hadi leo. Rupia ya kawaida iliyochakaa kwa wakusanyaji wa Ulaya ni bei ya kununua kuku kadhaa, si bei ya pikipiki. Rupia mbili za 1893 na 1894 ni adimu zaidi. Rupia 15 ya Tabora ndiyo yenye bei kubwa, maelfu ya dola kwenye minada, na ndiyo sababu za bandia ni nyingi.

Kuhusu hali, wataalamu hupanga sarafu kwa madaraja. Wengi hutumia ngazi ya 1 hadi 70. Daraja 1 ni ile ambayo unaitambua kwa shida, na 70 haina hata mkwaruzo. Huna haja ya kukariri namba. Chukua sarafu, simama kwenye mwanga wa jua, uigeuze polepole. Angalia sehemu zilizoinuka, kwa kuwa ndizo zinazosugulika kwanza: mabawa ya ndege, kofia, shavu, masharubu, na mabega. Kama manyoya ya ndege yanahesabika na masharubu yana nyuzi, hali ni nzuri sana. Kama ndege amebaki kivuli na shavu limelala bapa, imetembea mikono mingi. Rupia mbili za mwaka mmoja, moja ikiwa hivi na nyingine vile, zinaweza kupishana bei mara kumi.

Jambo linaloua thamani kuliko yote ni kuisafisha. Watu wetu wakipata rupia nyeusi huisugua kwa majivu, mchanga, limau au dawa ya meno ing'ae. Ule weusi ni wa kawaida kwa madini ya fedha, na mkusanyaji anaupenda. Ukiusugua unaacha mikwaruzo midogo isiyofutika, na mnunuzi wa kweli ataiona. Kama ina udongo, iloweke kwenye maji safi na uikaushe kwa kitambaa laini bila kusugua. Basi.

Rupia nyingi za huku zimetobolewa au kuunganishwa kikonyo, kwa kuwa zilivaliwa shingoni. Kwa mkusanyaji tundu hushusha bei. Kwa familia mara nyingi tundu ndilo habari yenyewe, linaonyesha ilivaliwa na nani.

Wachimbaji mnaotusikiliza mna kitu ambacho watu wengi hawana, nacho ni mizani ndogo ya gramu. Itumieni. Rupia halali ni gramu 11.66, na iliyochakaa hupungua kidogo tu. Ikija gramu 10, shaka iwepo. Sumaku ikiinasa, ni chuma, iacheni. Lakini isiponaswa usishangilie, kwa kuwa shaba nayo hainaswi. Rupia 15 ya Tabora ina gramu 7.17 na ni dhahabu ya karati 18, kwa hiyo ndani yake kuna dhahabu safi ya gramu 5 na kidogo. Ya shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, kwa ukubwa uleule, itakuwa gramu 4 hivi. Mnunuzi wa dhahabu mwenye kipimo, kama wale wa soko la dhahabu Geita, ataijua dhahabu kwa dakika chache. Kumbuka tu kwamba atakuambia kama ni dhahabu, hatakuambia kama ni ya mwaka 1916. Mtu anaweza kuyeyusha dhahabu halisi akatengeneza tembo mpya.

Tahadhari nyingine ni ile riale ya Maria Theresa. Zote zimeandikwa mwaka 1780, hata zilizotengenezwa karne iliyopita. Mwaka huo peke yake hauthibitishi ukale wowote.

Kabla hujatuma pesa

Kwenye simu, sarafu huuzwa kwa picha, na picha inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa. Ukitaka kununua, mwombe muuzaji aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi, aiweke kando ya sarafu, apige picha pande zote mbili, kisha aipige ikiwa juu ya mizani. Mwenye sarafu atafanya hivyo kwa dakika tano. Asiyenayo atakuwa na sababu nyingi za kutofanya.

Usichukue bei iliyoandikwa na muuzaji kuwa ndiyo thamani. Mtu yeyote anaweza kuandika milioni 50. Bei ya kweli ni ile ambayo mnunuzi alilipa, na minada mikubwa ya sarafu huonyesha bei zilizolipwa. Sarafu iliyofungwa kwenye kasha la plastiki lenye namba ya kampuni ya kupima madaraja ni nzuri, lakini makasha nayo hughushiwa. Iangalie namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, na ulinganishe picha.

Wenye kuuza nao wana mitego yao. Mtu anakupigia, anakubali bei kubwa bila kubishana, kisha anakwambia kuna ada ndogo ya usajili, au ya kibali, au ya kufungulia malipo yaliyotumwa kutoka nje. Mnunuzi wa kweli anakulipa wewe. Akikuomba utangulize pesa, hakuna mnunuzi hapo. Usitume sarafu kwa basi kabla ya kulipwa. Mkikutana, iwe mchana, mahali penye watu, na uende na ndugu. Ukipokea ujumbe wa kitapeli, itume namba hiyo kwenda 15040 na utoe taarifa polisi.

Kisha kuna uvumi tunaousikia miaka yote: kwamba rupia fulani ina zebaki nyekundu, au inavuta mchele, au inaleta utajiri, na kwamba kuna mzungu anaitafuta kwa bei yoyote. Rupia ni fedha na shaba kidogo. Haina zebaki ndani na haivuti chochote. Uvumi huo umewafanya watu wauze ng'ombe, na umewatuma vijana usiku kuchimba kwenye maboma na makaburi ya Wajerumani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda maeneo hayo, na kuchimba bila kibali ni kosa. Zaidi ya hapo, shimo lisilo na nguzo huua, na wa Geita hawahitaji kuambiwa hilo na redio.

Kwa mwenye rupia ya bibi ndani ya sanduku, ushauri wetu ni kwamba kabla ya kuuliza bei, aulize wazee wa nyumbani ilitoka wapi, nani aliileta, kwa kazi gani, na aandike majibu kwenye daftari. Kama ukiiuza baadaye, uza kwa hiari yako na kwa bei uliyoichunguza. Lakini majibu ya wazee hayauzwi popote kwenye mtandao, na wazee wenyewe wanazidi kupungua. Mzee mwenye ndege kichwani alikufa Uholanzi mwaka 1941 bila kuwajua. Wale waliobeba mizigo kwa miguu ili wapate kipande chenye sura yake ndio wa kwenu, na majina yao yanafaa kuandikwa wiki hii.